Aya nzito, aya nyepesi: Biblia na mambo ya unyumba, kutoka Dodoma hadi Smithfield

Bahasha zilianza kutumwa tarehe 12 Septemba 2017. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye swali moja: je, sheria ibadilishwe ili watu wa jinsia moja waruhusiwe kufunga ndoa? Chini ya swali palikuwa na visanduku viwili, cha Ndiyo na cha Hapana. Ukishaweka alama unairudisha karatasi kwa posta, basi. Hakuna foleni, hakuna wino kidoleni, hakuna wakala wa chama anayekukodolea macho.

Huko Smithfield, kilomita thelathini hivi magharibi ya katikati ya jiji la Sydney, bahasha hizo ziliingia kwenye nyumba za watu wa kila namna. Smithfield ni mtaa wa kazi. Barabara kuu ya Cumberland inaupasua, na malori yanaingia na kutoka kwenye viwanda na maghala yaliyosambaa hadi Wetherill Park. Wakazi wake wengi wametoka mbali: Waashuri na Wakaldayo waliokimbia Iraq, Wavietnamu, Waitaliano wa siku nyingi. Waafrika nao wamo katika vitongoji hivi vya magharibi, wakiwemo Wakongo na Warundi ambao Kiswahili chao kilipitia kambi za wakimbizi kabla ya kufika Australia. Hapa Jumapili bado ni siku ya kanisa. Watu huamka, huvaa vizuri na kwenda.

Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Novemba. Kura haikuwa ya lazima, lakini asilimia 79.5 ya waliotumiwa bahasha waliijibu, na kwa nchi nzima asilimia 61.6 walisema Ndiyo. Magharibi mwa Sydney hali ilikuwa nyingine kabisa. Jimbo la uchaguzi la McMahon, ambamo Smithfield ilihesabiwa, lilisema Hapana kwa asilimia 64.9. Jirani yake Blaxland lilifika asilimia 73.9, kiwango cha juu kuliko jimbo lolote nchini. Kati ya majimbo 150, ni 17 tu yaliyokataa, na 12 kati ya hayo yako Sydney. Mbunge wa McMahon, Chris Bowen, ambaye mwenyewe alikulia Smithfield, aliunga mkono mswada wa kubadili sheria hiyo licha ya msimamo wa wapigakura wake. Tarehe 7 Desemba Bunge liliupitisha, na wabunge wanne tu ndio waliokaa upande wa Hapana.

Maelezo yaliyosikika sana baada ya hapo yalikuwa mepesi: ni wahamiaji hao, wamekuja na dini zao. Yana ukweli kiasi, lakini yanaficha jambo kubwa. Usomaji wa Biblia uliosema Hapana mwaka 2017 haukuletwa Sydney na wahamiaji peke yao. Sehemu yake ilitoka Sydney yenyewe, ikavuka Bahari ya Hindi hadi katikati ya Tanganyika, na leo inarudi nyumbani ikiwa na lafudhi ya Kiswahili.

Aliyetoka Dulwich Hill

Mwaka 1927 kasisi mmoja wa Kianglikana wa mtaa wa Dulwich Hill, Sydney, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma. Jina lake ni George Chambers, mwanzilishi wa shule ya Trinity Grammar iliyoanza mwaka 1913. Chama cha kimisionari cha CMS cha Uingereza kilikuwa kimeelemewa na gharama, na tawi la Australia likaupokea mzigo. Kuanzia hapo walimu, wauguzi na wachungaji wa Australia wakawa wanamiminika Ugogoni, eneo la Dodoma. Mmoja wao ni daktari Paul White wa Sydney, aliyefanya kazi Mvumi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha akageuza uzoefu wake kuwa vitabu vya hadithi vilivyosomwa na watoto wa mabara mengi.

Anayewajua Waanglikana wa Tanzania anaujua mgawanyo huu. Zanzibar, Masasi na Korogwe walilelewa na chama kingine cha kimisionari, UMCA, wakapata uvumba, kanzu ndefu na mapokeo. Dodoma, Kongwa na Mvumi walilelewa na CMS, wakapata Biblia mkononi na mahubiri yanayokwenda aya kwa aya. Nguzo ya mapokeo hayo kwa upande wa Sydney ni Chuo cha Moore, kilichofunguliwa mwaka 1856 huko Liverpool, kusini kidogo mwa Smithfield, kabla hakijahamishiwa Newtown. Mkristo wa Kongwa akiingia leo katika kanisa la Kianglikana la magharibi mwa Sydney atashangazwa na gitaa na kahawa ya baada ya ibada. Mahubiri hayatamshangaza. Aliyasikia tangu utotoni.

Ndiyo maana katika ugomvi wa Waanglikana duniani kuhusu ndoa za jinsia moja, Sydney na Afrika Mashariki wamekuwa benchi moja. Desemba 2006 maaskofu wa Tanzania walitamka kwamba ushirika wao na kanisa la Marekani umejeruhika vibaya, na kwamba hawatapokea fedha kutoka kwa wanaobariki mahusiano hayo. GAFCON, vuguvugu la Waanglikana wahafidhina, lilipoundwa Jerusalem mwaka 2008, katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Peter Jensen, Askofu Mkuu wa Sydney wakati huo. Mkutano wa pili ulifanyika Nairobi mwaka 2013 katika Kanisa Kuu la All Saints, na wa nne Kigali mwaka 2023. Anayedhani mstari wa vita hivi umechorwa kati ya Wazungu na Waafrika hajaitazama ramani.

Wake waliorudishwa kwao

Kabla ya swali la jinsia moja, hata hivyo, kulikuwa na swali jingine la unyumba lililolitesa kanisa la Afrika kwa miaka mia moja. Nalo ni la mume mwenye wake wengi.

Mzee mwenye wake watatu anasikia Injili, anaamini, anaomba ubatizo. Afanyeje? Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth mwaka 1888 uliamua kwamba asibatizwe. Abaki katika mafundisho hadi atakapokuwa tayari kuishi na mke mmoja. Hoja ilijengwa juu ya Mwanzo sura ya 2, ambapo wawili wanakuwa mwili mmoja, na juu ya Mathayo sura ya 19, ambapo Yesu anairejea sura hiyohiyo.

Lakini Biblia hiyohiyo ina Ibrahimu na Hajiri. Ina Yakobo mwenye Lea na Raheli pamoja na wajakazi wao wawili, na ni kwa akina mama hao wanne yalikotoka makabila kumi na mawili ya Israeli. Ina Daudi. Hakuna mahali nabii anapomwamuru yeyote kati yao awafukuze wake zake. Askofu John Colenso wa Natal aliliona hilo tangu miaka ya 1850. Alihoji: Yesu amekataza talaka kwa maneno makali, sasa inakuwaje sisi tuifanye talaka kuwa ada ya kuingilia kanisani?

Colenso hakusikilizwa. Na gharama ya kutosikilizwa kwake haikulipwa na mume. Mume alichagua mke mmoja, mara nyingi kijana, akabatizwa, akapewa jina jipya. Waliobaki walirudishwa kwao bila mahari, bila shamba, wengine bila watoto, kwa sababu katika makabila mengi mtoto ni wa ukoo wa baba. Mwanamke aliyeolewa kwa heshima zote za kabila lake aliamka siku moja akiambiwa kwamba ndoa yake haikuwa ndoa. Yeye ndiye aliyeubeba utakatifu wa mwenzake.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1988, na yaliletwa na Mkenya. David Gitari, askofu wa Mount Kenya East wakati huo, alilisukuma jambo hilo hadi Lambeth. Mkutano uliendelea kukiri kwamba mpango wa Mungu ni mume mmoja na mke mmoja. Ila ukaruhusu mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, kwa masharti: asioe tena maadamu wake alio nao wanaishi, jumuiya ya waumini wa mahali pale iridhie, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya hasara itakayompata mwanamke huyo katika jamii.

Tulia kwenye sharti hilo la mwisho. Fundisho lilibaki palepale. Kilichoongezeka ni swali ambalo maaskofu wa 1888 hawakulipa uzito: tukilisoma andiko hivi, nani anaumia? Na Gitari hakuwa mtu wa kulegeza kamba ili apendwe. Huyu ndiye aliyempinga Rais Moi wa Kenya mimbarani hadi nyumba yake ikavamiwa usiku, Aprili 1989.

Damu, mutura na uasherati

Kila msomaji wa Biblia ana aya anazozisoma kwa sauti na aya anazozipita kimyakimya. Mfano mzuri ni Matendo ya Mitume sura ya 15. Mitume walikutana Yerusalemu kuamua Wamataifa waliomwamini Kristo wabebeshwe nini katika Sheria ya Musa. Wakaafikiana mambo manne: wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, na damu, na nyama ya mnyama aliyesongolewa, na uasherati.

Mambo manne katika barua moja, yenye mamlaka yaleyale. Mkristo wa Nairobi anayekula mutura jioni kando ya barabara, utumbo uliojazwa nyama na damu, hajawahi kuitwa mbele ya baraza la wazee. Wengi hata hawajui kwamba damu imo kwenye barua ile. Lakini uasherati, ulioandikwa kando yake, unaweza kumfungia mtu Meza ya Bwana miezi sita. Wanatheolojia wana maelezo kwa nini, na baadhi yana mashiko: la damu lilikuwa la kulinda amani mezani kati ya Wayahudi na Wamataifa, na la uasherati linarudiwa katika nyaraka nyingine nyingi. Sawa. Ila kwa kuyakubali maelezo hayo tumekwisha kukubali kwamba hatusomi tu. Tunapima, tunalinganisha, tunauliza agizo lilitolewa kwa nani na kwa sababu gani. Anayesema “mimi sifasiri, nasoma kilichoandikwa” amekula mutura na kusahau.

Pande zote mbili za mjadala wa 2017 zilikuwa zinafasiri. Waliosema Hapana walishika Mambo ya Walawi sura ya 18 na ya 20, Warumi sura ya 1 na 1 Wakorintho sura ya 6, na nyuma ya hayo yote walisimamisha Mwanzo: Mungu aliumba mume na mke, Yesu akathibitisha, na kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna mahali Biblia inapolitaja tendo la jinsia moja kwa wema. Ni hoja nzito na haifai kudharauliwa. Wakristo waliosema Ndiyo walijibu kwamba aya hizo zinalenga ubakaji, ukahaba na tamaa za mabwana kwa watumwa, si watu wawili walioahidiana uaminifu. Wakakumbusha kwamba nabii Ezekieli, sura ya 16, anapoutaja uovu wa Sodoma anaanza na kiburi, shibe na kutomjali maskini. Wakamtaja pia towashi wa Kushi katika Matendo sura ya 8: Torati ilimzuia asiingie katika kusanyiko la Bwana, na Filipo akambatiza njiani bila kumdai chochote zaidi ya imani.

Makala hii haiwezi kumaliza mvutano huo. Inachoweza kufanya ni kuangalia mizani. Yesu hakusema lolote la moja kwa moja kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Kuhusu talaka alisema mara kadhaa, waziwazi, hata wanafunzi wake wakaguna kwamba kama ndivyo, heri mtu asioe. Je, makanisa yamefanyaje na maneno hayo? Wakatoliki wana mahakama za kuchunguza kama ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo. Waorthodoksi huruhusu ndoa ya pili na hata ya tatu, kwa sala za toba. Waprotestanti wengi hufungisha ndoa ya mtalikiwa baada ya mazungumzo na mchungaji. Kila kanisa limetafuta njia ya kumhurumia aliyeshindwa bila kulifuta fundisho. Wala si unafiki. Ni kazi ya uchungaji. Unafiki ni pale huruma hiyo inapotolewa kwa dhambi za watu wa kwetu na kufungiwa kabatini kwa dhambi za wengine.

Sinodi moja, hoja mbili

Oktoba 2017, bahasha zikiwa bado zinarudishwa, sinodi ya Dayosisi ya Kianglikana ya Sydney ilikutana. Askofu Mkuu wa wakati huo, Glenn Davies, aliwaeleza wajumbe kwamba dayosisi imetoa dola milioni moja za Australia kwa kampeni ya Hapana. Sinodi hiyohiyo, mwezi huohuo, iliwaomba radhi waathirika wa ukatili wa majumbani ambao kanisa halikuwalinda.

Radhi hiyo ilikuwa na chanzo. Julai mwaka huo waandishi wa shirika la utangazaji la ABC, Julia Baird na Hayley Gleeson, walichapisha uchunguzi kuhusu wanawake Wakristo waliopigwa na waume zao, na walipokwenda kwa wachungaji wakaambiwa watii, wasamehe, wavumilie. Andiko lililotumika linajulikana hadi Kigoma: Waefeso sura ya 5, wake kuwatii waume. Aya inayoanzisha sehemu hiyo, ya kutiiana wote, na zile zinazomtaka mume ajitoe kama Kristo alivyojitoa kwa kanisa, zilisomwa kwa sauti ya chini.

Hapa ndipo mjadala unapoingia ndani ya nyumba zetu. Katika maadili ya unyumba, swali linaloikabili familia ya Kiafrika magharibi mwa Sydney siku hadi siku haliko kwenye karatasi ya kura. Mume anayesoma 1 Wakorintho sura ya 7 na kushika nusu tu, kwamba mwili wa mke si mali ya mke, anaishi katika jimbo la New South Wales, ambako tangu mwaka 1981 ndoa si kinga kwa mume anayembaka mkewe. Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ubakaji wa mke unatambulika pale tu wanandoa wanapokuwa wametengana. Mume aliyevuka bahari amevuka pia sheria. Nusu ya pili ya aya ileile, kwamba mwili wa mume nao si mali ya mume, ingemfikisha palepale bila msaada wa polisi.

Kuna pia suala la wanaoishi pamoja. Kwetu tuna hatua nyingi kati ya kuchumbia na madhabahu: posa, mahari, sherehe ya nyumbani, kisha miaka ikipita na fedha ikipatikana, watu wanakwenda “kubariki ndoa”. Kwa ukoo, mahari ikishapokewa mtu ameoa. Kwa kanisa, hadi cheti kisainiwe ni uasherati, na wote wawili hawashiriki meza. Kwa sheria ya Australia, wawili walioishi kama mume na mke kwa miaka miwili kwa kawaida wanaweza kudaiana mali mahakamani kama waliooana. Wawili haohao ni wanandoa kwa wazee wao, wazinzi kwa mchungaji wao na wenzi halali kwa serikali. Biblia haitoi fomu ya cheti popote. Isaka alimwingiza Rebeka katika hema ya mama yake, akawa mkewe, ikaisha.

Kisha kuna binti. Kila aliyekulia kanisani Afrika Mashariki ameiona hii. Msichana wa kwaya anapata mimba. Anaitwa mbele ya wazee, anatengwa, anakaa benchi la nyuma hadi ajifungue, anatubu mbele ya kusanyiko, ndipo anarudishwa kundini. Mvulana aliyempa mimba, naye mwanakwaya, Jumapili hiyohiyo anaimba sauti ya nne. Ni Yohana sura ya 8 yenyewe: wanaume wanamleta mwanamke aliyefumaniwa, ilhali Walawi 20 inataka wote wawili. Mwanamume hakuletwa. Yesu hakusema uzinzi ni halali, alimwambia yule mama asitende tena. Lakini kwanza aliwatawanya waliomshika yeye peke yake.

Tanzania iliigeuza tabia hiyo kuwa sera ya nchi. Juni 2017, miezi mitatu kabla ya bahasha za Australia, Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali katika utawala wake. Katazo hilo liliondolewa Novemba 2021. Kwa miaka hiyo yote maadili yalilindwa kwa kumfukuza msichana darasani. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa binadamu mchungu.

Rafu ya maktaba na chumba cha maombi

Magharibi mwa Sydney, mambo hayakuishia 2017. Sehemu ya Smithfield iko chini ya Halmashauri ya Fairfield na sehemu nyingine chini ya Cumberland. Mei mosi 2024 madiwani wa Cumberland walipiga kura sita kwa tano kuondoa katika maktaba zao vitabu vya watoto vinavyoeleza familia zenye wazazi wa jinsia moja. Diwani aliyetoa hoja, Steve Christou, alijenga utetezi wake juu ya dini na maadili ya familia za eneo hilo. Ikafuata ghasia ya maneno, serikali ya jimbo ikatahadharisha kuhusu fedha za maktaba, na wiki mbili baadaye, watu wakiwa wamejaa nje ya ukumbi wa Merrylands wakipigana vikumbo, mabango mikononi, madiwani wakalifuta katazo.

Sheria iliyowagusa wachungaji zaidi ni nyingine. Machi 2024 Bunge la New South Wales lilipiga marufuku vitendo vya kujaribu kubadili au kuzima mwelekeo wa kimapenzi wa mtu, na sheria ikaanza kutumika tarehe 4 Aprili 2025. Uvumi ulienea haraka kwamba sasa hata mahubiri ni kosa. Sivyo. Mchungaji anaweza kusimama mimbarani Jumapili na kufundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, na kwamba nje yake ni kujizuia. Mzazi anaweza kumweleza mwanawe imani ya nyumba yake. Kinachozuiwa ni kumlenga mtu fulani kwa mpango wa kumbadilisha au kukandamiza alivyo, na ikiwa madhara makubwa ya mwili au akili yametokea, kifungo chaweza kufika miaka mitano.

Kwa makanisa ya kiroho, ambako kijana anaweza kuwekwa katikati ya chumba cha maombi na kuwekewa mikono usiku kucha ili “pepo” limtoke, tofauti hiyo si ndogo. Lakini hata mwenye kushikilia fundisho la kale hana sababu ya kulalamika. Azimio 1.10 la Lambeth la mwaka 1998, lile lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70, na ambalo maaskofu wa Afrika Mashariki wamelinukuu kuliko lolote, lilikataa mapenzi ya jinsia moja kuwa hayapatani na Maandiko. Katika azimio hilohilo maaskofu waliahidi kuwasikiliza watu hao, na wakawataka waumini kuwahudumia wote bila kujali mwelekeo wao, na kulaani hofu isiyo na msingi juu yao. Nusu ya kwanza ilisomwa kila dayosisi. Nusu ya pili ilipata wasomaji wachache. Mwaka 2023, Uganda ilipopitisha sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya aina hiyo, viongozi wa Kanisa la Uganda waliipokea kwa shukrani, ingawa walipinga adhabu hiyo ya kifo. Askofu mstaafu Christopher Senyonjo, aliyejaribu kuisoma nusu ya pili kwa kuwahudumia watu hao Kampala, alikuwa amekwisha kuzuiwa kutoa huduma zamani.

Swali la 1988

Wapo watakaosema kwamba kuuliza nani anaumia ni mlango wa kuingizia kila kitu. Leo mutura, kesho talaka, keshokutwa Maandiko yote yako sokoni. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu maumivu peke yake hayatoshi kuwa kipimo. Mume mwenye nyumba ndogo naye ataumia akiambiwa aiache, na aambiwe. Ndiyo maana mfano wa Gitari una thamani. Yeye na wenzake hawakuliacha fundisho, wala hawakulifanya jiwe la kumpigia asiye na mtetezi. Waliuliza mzigo unaangukia bega la nani, wakakuta unamwangukia mke wa pili ambaye hakualikwa hata kwenye kikao. Wakauhamisha.

Kanisa la Waafrika Mashariki magharibi mwa Sydney linaweza kufanya hivyo bila kusubiri sinodi ya mtu. Binti akitengwa, na kijana aitwe jina siku hiyohiyo. Mke akija na jicho lililovimba, asomewe Waefeso 5 yote, na mumewe asomewe kwanza, huku simu ya polisi ikiwa karibu. Wanaoishi pamoja wasaidiwe kufunga ndoa ya bei nafuu badala ya kufungiwa meza hadi wapate fedha ya ukumbi. Na kijana atakayemnong'oneza mchungaji kwamba havutiwi na jinsia nyingine, asikilizwe na arudi nyumbani salama, hata kama mchungaji hatalibadilisha fundisho lake.

Wengi katika jimbo lenye Smithfield walisema Hapana mwaka 2017, na walikuwa na haki ya kusema. Kanisa lililoweza kusema Hapana kwenye karatasi ya siri linapaswa kuweza kuisema kwa mzee wake mwenyewe anayempiga mkewe, hadharani, likimtaja jina. Likishindwa hapo, lisiseme tena kwamba lilikuwa linatetea Maandiko.